Ubeti wangu una mizani 16 lakini ukighanwa unajikwaa: kosa liko wapi?

chipukizi_tunzi ameuliza:

Salaam wanajukwaa. Naomba malenga mliomo humu mnikosoe bila kunionea haya. Natunga shairi la tarbia (mishororo minne kila ubeti) kuhusu masika, na ubeti wa kwanza ni huu:

Mawingu yamejipanga, ngurumo zinatujia,
Radi inapasua anga, mvua inakaribia,
Mbegu zangoja shamba, wakulima wakimbia,
Masika yaja mlangoni hodi twaitikia.

Hesabu yangu ya mizani (silabi), kipande kwa kipande: mshororo wa kwanza 8 na 8. Wa pili 9 na 9, maana nimesoma m-vu-a. Wa tatu 8 na 8, m-be-gu nikiihesabu tatu. Wa nne sikuupima kipande kwa kipande, ila jumla ni 16. Kwa hiyo kosa nililoliona ni hapo kwenye mshororo wa pili tu. Ajabu ni kwamba ukighanwa, wa tatu unapwaya na wa nne unagoma kabisa.

Nisaidieni pia haya: je, "shamba" haliwezi kuwa kina na "anga" ikiwa yote yanaishia na "a"? Na takriri na tanakali za sauti ni sehemu ya vina, au ni vitu vingine? Halafu naona watu wanaandika ukwapi, utao, mloto, mwandamo. Wengine kipande cha kwanza, kibwagizo. Nifuate majina yapi?

---

Ukwapi_na_Utao amejibu:

Ndugu chipukizi, umefanya vyema kuweka hesabu yako wazi, kwa sababu kosa liko kwenye hesabu yenyewe. Mizani huhesabiwa kwa mdomo. Herufi zinadanganya, hasa m na n.

Anza na m. Ikifuatwa na konsonanti yoyote isiyo b, v wala w, ni mizani kamili: m-ti (2), m-ji (2), m-che-le (3), m-pi-ra (3), m-la-ngo (3), m-cha-nga (3). Hapo hakuna ubishi. Tatizo huja kwenye mb na mv. Kipimo chepesi ni wingi wa neno. Kama m hiyo inageuka wa- au mi- kwenye wingi, ihesabu. Kama neno halibadiliki, m imeshikana na konsonanti inayofuata na haihesabiwi peke yake. Mvuvi, wavuvi: m-vu-vi, 3. Mvua, mvua: mvu-a, 2. Mbegu, mbegu: mbe-gu, 2. Mbuzi vivyo hivyo.

Mfano unaolionyesha jambo hili vizuri kuliko yote ni neno "mbuni". Mbuni ndege ni mbu-ni, mizani 2, na wingi wake ni mbuni. Mbuni mti wa kahawa ni m-bu-ni, mizani 3, na wingi wake ni mibuni. Maandishi ni yale yale, mdomo unatofautisha. Sifa nazo hufuata ngeli: "mtu mbaya" ni m-tu-m-ba-ya, 5, ilhali "nyumba mbaya" ni nyu-mba-mba-ya, 4. Anayehesabu kwa macho ataandika 5 kote kuwili, na ubeti utapungukiwa.

Kuna kundi dogo linalovunja kipimo cha wingi: maneno yenye irabu moja tu. Mbwa, mbu, mvi, nchi, nge, nta, nne, nje. Haya yote ni mizani 2, kwa kuwa neno la Kiswahili linataka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo hakuna pa kuuweka isipokuwa kwenye m au n. Sema "mbu" polepole utaisikia m ikisimama. Lakini ndugu, njaa, ngoma, nguo: ndu-gu, nja-a, ngo-ma, ngu-o. N imemezwa.

Usisahau m ya mtendwa katikati ya kitenzi. "Nambeba" ni na-m-be-ba, 4, wakati "namba" ni na-mba, 2.

Irabu mbili zikikaa pamoja, kila moja ni mizani yake: ta-a, ma-u-a, ko-ndo-o, ku-u-ku-u. Lakini w na y zilizoambatana na konsonanti haziongezi kitu: mwe-zi, kwe-li, nya-nya, vya-ku-la.

Sasa ubeti wako:

Ma-wi-ngu-ya-me-ji-pa-nga (8), ngu-ru-mo-zi-na-tu-ji-a (8). Safi.

Ra-di-i-na-pa-su-a-a-nga (9), mvu-a-i-na-ka-ri-bi-a (8). Ulichodhani kimezidi, hakijazidi. Kilichozidi kweli ni cha kwanza peke yake. Dawa ni kubadili wakati: "inapasua" ina mizani 5, "yapasua" ina 4. Ile -a- ya wakati uliopo ndiyo rafiki mkubwa wa mtunzi, hukupunguzia mizani moja bila kuharibu maana.

Mbe-gu-za-ngo-ja-sha-mba (7), wa-ku-li-ma-wa-ki-mbi-a (8). Ndiyo maana unapwaya. Umekosa mizani moja uliyodhani unayo.

Ma-si-ka-ya-ja-m-la-ngo-ni (9), ho-di-twa-i-ti-ki-a (7). Jumla 16, kweli. Lakini mizani ya nane imeangukia "ngo", na "ni" imevuka ng'ambo. Mghani anapumua baada ya mizani 8. Wewe unamtaka apumue katikati ya neno "mlangoni". Sheria si 16 tu, ni 8 na 8, na neno lisikatwe na pumzi. Hili ndilo kosa linalowaponyoka wengi, maana kila wakihesabu jumla wanaikuta sawa.

Ukitaka kujipima: andika mshororo kwa vistari kama nilivyofanya, kisha uughani ukigonga meza kwa kidole, gonga moja kila mizani. Halafu uimbe kwa lahani yoyote ya shairi unayoijua. Lahani ikiisha neno bado, umezidisha. Neno likiisha lahani bado, umepunguza, na utajikuta unavuta irabu bila kutaka.

---

BintiMvita amejibu:

Nakubaliana na ndugu hapo juu kwa yote, niongeze la maneno yenye silabi funge (zinazoishia na konsonanti) kutoka Kiarabu na kwingineko. "Labda": wapo wanaohesabu lab-da, 2, na wapo wanaohesabu la-b-da, 3. "Daktari" hali kadhalika. Shika njia moja shairi zima. Wengine hukwepa ugomvi kwa kuandika "labuda", na hapo hakuna wa kubisha kuwa ni 3.

Kuhusu vina. Kina cha Kiswahili ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti pamoja na irabu yake. Irabu peke yake haitoshi. Kwa hiyo "anga" kina chake ni -nga, "shamba" ni -mba. Havilingani. Tena -nga na -ga si kina kimoja, -mba na -ba si kina kimoja, -kwa na -wa pia. Panapowaponza watu zaidi ni sauti jirani: -za na -sa, -dhi na -zi, -la na -ra, -sha na -cha. Katika mazungumzo ya mtaani mtu huweza kuzichanganya, lakini ukighani mbele ya wanaosikiliza, kosa husikika hapo hapo.

Vina vyako vya mwisho ni -a tupu: tuji-a, karibi-a, kimbi-a, itiki-a. Kina cha irabu peke yake ni chepesi, ila wewe umekiokoa kwa kutanguliza "i" kote, kwa hiyo sikio linapata -ia mara nne. Endelea hivyo. Ukichomeka "tembea" au "nunua" hapo katikati sheria haikukatazi, lakini utamu utapungua.

Tahadhari nyingine: kina cha -ni cha mahali. Nyumbani, shambani, njiani, mjini, kisimani. Ukikianza hakiishi, na ndiyo hatari yake. Maneno yoyote yanapachikwa -ni, na baada ya beti tatu msomaji anajua kinachokuja. Vivyo hivyo -na ya kutendana: pendana, saidiana, ombana. Vitumie kwa kuvichanganya na maneno ambayo -ni au -na ni sehemu ya mzizi: jani, amani, thamani, jina, shina, maana.

Usirudie neno lile lile kama kina ndani ya ubeti mmoja, isipokuwa likiwa na maana nyingine. "Kaa" la moto na "kaa" wa pwani ni ufundi. "Kaa" la moto mara mbili ni ufinyu wa msamiati.

Kisha lile la uhuru wa mshairi, maana najua utalifikia. Inkisari ni kufupisha: "ndugu yake" (4) ikawa "nduguye" (3). Mazida ni kurefusha: "enda" (2) ikawa "enenda" (3). Tabdila ni kubadili sauti bila kubadili hesabu: "dunia" ikawa "duniya", mizani 3 ile ile lakini kina kimehama kutoka -a kwenda -ya. Na hapa kuna mtego: wapo wanaoandika "mutu" badala ya "mtu" wakidhani wameongeza mizani. M-tu ni 2, mu-tu ni 2. Hukupata kitu, umeharibu neno bure.

Ukichukua neno la lahaja ili upate kina, kama "mato" ya Kimvita badala ya "macho", hakikisha lugha ya shairi zima inaweza kulipokea. Neno moja la Kimvita katikati ya Kiswahili sanifu kitupu linaonekana limeletwa na shida.

---

Mghani_wa_Magharibi amejibu:

Majina kwanza, kwa ufupi. Kipande cha kwanza cha mshororo ni ukwapi, cha pili ni utao. Kikiwepo cha tatu ni mwandamo, cha nne ukingo. Mshororo wa kwanza wa ubeti ni mwanzo, wa pili mloto, wa mwisho ni kibwagizo ukirudiwa kila ubeti, au kiishio usiporudiwa. Majina haya yamezoeleka sana madarasani Kenya. Tanzania utasikia zaidi kipande, kituo, kibwagizo. Anayekuelewa atakuelewa kwa yote mawili. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni za utunzi katika kitabu chake cha 1954, na mengi tunayobishania leo yanaanzia pale. Umbo lenyewe la mishororo minne ya 8 na 8 ni la zamani zaidi; Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alilitumia kwa mambo ya mjini, mapenzi, siasa na malumbano.

Usichanganye na utenzi: huo una mizani 8 tu kwa kila kipande, vipande vinne kwa ubeti, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne kina kina kinachoshikwa toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Utendi wa Mwana Kupona wa 1858 uko hivyo.

Sasa sauti, maana hili ndilo lililokosa kujibiwa. Kina kina mahali pake maalumu: mwisho wa kipande. Takriri haina mahali maalumu, inaweza kuwa popote ndani ya mshororo. Ni sauti, silabi au neno kurudiwa kwa makusudi. Ikirudiwa konsonanti tunasema takriri konsonanti. Ikirudiwa irabu, takriri irabu. Utunzi usiofuata vina na mizani, kama wa Kezilahabi katika Kichomi cha 1974, unaweza kuishi bila vina, lakini ukiuondolea marudio ya sauti na ya maneno unabaki insha.

Tazama mshororo wako wa kwanza: mawi-NGU yamejipa-NGA, NGU-rumo. Sauti ya ng imekuja mara tatu, na mbili za mwisho zimekaribiana kabisa, moja kila upande wa pumzi. Ni sauti ya puani, inakaa kidogo kabla ya kuachia, na ndivyo ngurumo ya mbali inavyosikika. Hata kama hukukusudia, usiiguse. Ukibadilisha "ngurumo" ukaweka "upepo", hesabu itabaki ile ile lakini muungurumo wote utatoweka.

Kila kundi la konsonanti lina kazi yake. P, t, k, b hukatika ghafla: zifae kugonga, kupiga, kukata. S, sh, z, f huvuta pumzi: upepo, mawimbi, mnong'ono. M, n, ng hubaki puani: huzuni, ngurumo, mbembelezo wa mtoto. R na l hutiririka. Irabu nazo: i ni nyembamba na kali, u na o ni nzito na za ndani. Mara mbili au tatu ndani ya kipande cha mizani 8 zinatosha. Ukizidisha, mghani ataumauma ulimi na shairi litageuka kitanza ndimi.

Tanakali za sauti ni neno lenyewe kuiga kinachotendeka: kuanguka majini chubwi, sakafuni pu, mchangani tifu, kunyamaza jii, kulala fofofo, giza totoro. Kila moja ina mahali pake, huwezi kusema jiwe limeanguka majini tifu. Methali isemayo "chururu si ndondondo" ni somo zima la jambo hili. Ndondondo inakatika kila silabi, tone baada ya tone. Chururu ina u tatu na r mbili, haina pa kukatikia, kwa hiyo maji yanamwagika mfululizo. Maana imo ndani ya sauti.

Kwa shairi la mvua ungeweza kuuanza ubeti wa pili hivi:

Ndondondo juu ya bati, chururu ndani ya pipa

Ndo-ndo-ndo-ju-u-ya-ba-ti (8), chu-ru-ru-nda-ni-ya-pi-pa (8). Ukwapi unadonoa, utao unatiririka, na mvua imezidi kati ya kipande kimoja na kingine bila kusema "mvua imezidi".

Onyo moja: tanakali ihesabiwe mizani kama neno lingine lolote. Watu huandika "pa pa pa pa" kwa raha zao kisha wanashangaa ukwapi umefika 10.

---

chipukizi_tunzi amejibu:

Ahsanteni sana, nimeelewa kumbe nilikuwa nahesabu herufi. Nimerekebisha. Nimebakisha "mvua inakaribia" maana ni 8 tayari:

Mawingu yamejipanga, ngurumo zinatujia,
Radi yapasua anga, mvua inakaribia,
Mbegu zangoja mchanga, wakulima wakimbia,
Masika hodi yagonga, karibu twaitikia.

Mshororo wa mwisho nataka uwe kibwagizo. Je, ubeti wa pili nikitumia -ti na -pa, kibwagizo chenye -nga na -a kitakuwa kosa?

---

Ukwapi_na_Utao amejibu:

Mizani zimekaa, vina vimekaa. Hodi na karibu kukutana pale kwenye pumzi, hodi ukwapini na karibu mwanzo wa utao, ni jambo zuri sana; usilibadilishe.

Kimebaki kimoja. "Yapasua anga": a ya mwisho wa neno la kwanza inakutana na a ya mwanzo wa neno la pili. Karatasini ni 8, lakini ukighani kwa kasi ya kawaida zinamezana na sikio linapata yapasu-anga, 7. Ni lazima mghani asimame kidogo katikati, na pale hapana pa kusimama. Irabu mbili zinazofanana zikikutana mpakani mwa maneno, tafuta neno linaloanza na konsonanti. Kwa mfano: "Radi yachomoa panga". Ra-di-ya-cho-mo-a-pa-nga, 8. Kina ni kile kile, tena "panga" linaitikia "yamejipanga" la mshororo wa kwanza kwa silabi mbili badala ya moja, na maana ni nyingine. "Mwenye shamba" na panga pia wanajuana.

---

BintiMvita amejibu:

Kibwagizo si kosa. Kikirudiwa kila ubeti kinabaki na vina vyake, na mishororo mitatu ya juu ndiyo inayobadilika. Shairi ambalo vina vyake vinabadilika ubeti hadi ubeti ni ukaraguni. Ukitaka kukishika kina kimoja, tuseme -a cha mwisho, kisibadilike toka mwanzo hadi mwisho, ukabadilisha cha kati tu, hiyo ni ukara. Ukivishika vyote viwili, ni mtiririko, na kwa beti saba utahitaji maneno 28 ya -nga. Toa kibwagizo kinachojirudia, bado 21 na kimoja cha kibwagizo. Hesabu kabla hujaahidi.

Kwa ubeti wa pili, kabla hujaandika mshororo wowote, jaza karatasi kwanza: maneno sita hadi manane ya -ti (bati, kuti, mti, kiti, wakati, kaputi haifai hapa) na idadi hiyo hiyo ya -pa (pipa, chupa, mfupa, kwapa, ogopa, tupa). Chagua yanayohusu mvua na shamba, mengine yafute. Unahitaji matatu tu kila upande. Mtunzi anayeanza na mshororo kisha akatafuta kina ndiye anayeishia na neno lisilo na kazi, na msomaji hulijua papo hapo kuwa limeitwa kuziba pengo.

Na ukilitumia "mti" mwisho wa ukwapi, kumbuka ni mizani 2. Ya kabla yake yawe 6.